Frateri Dhoruba na mlango uliofungwa



Muhula uliopita, Jumamosi moja usiku, televisheni ya ukumbi wetu wa mapumziko ilikuwa inaonyesha mieleka ya Marekani. Waliopita seminarini wanajua hali inavyokuwa. Wapo wanaosimama na kupiga kelele kana kwamba ndugu yao ndiye aliye ulingoni, na wapo wanaokaa nyuma na kurudia kila baada ya dakika tano kwamba haya yote ni maigizo. Katikati ya ubishi huo mwenzetu mmoja akasema, "Kuna padre, tena Mkatoliki wetu huyu huyu, aliyecheza mieleka zaidi ya miaka ishirini." Tulimcheka. Tukamwambia alete ushahidi au anyamaze.

Aliuleta. Kesho yake mchana tulikaa saba kuzunguka kompyuta moja ya maktaba, tukasoma na kutazama picha: padre mwenye kasula, amesimama altareni, na kichwani amevaa kinyago cha rangi ya dhahabu na nyekundu. Tangu siku hiyo tumemzungumza mtu huyo mezani, bustanini tukimwagilia mboga, na mara moja hata darasani katika somo la maadili. Tumeona tuandike, kwa sababu mazungumzo yale yalianza kwa kicheko na yakaishia mahali palipotuuma.

Jina lake ni Sergio Gutiérrez Benítez. Ni Mmexico, aliyezaliwa mwaka 1945 huko Hidalgo, katika familia yenye watoto wengi na fedha chache. Ulingoni alijulikana kwa jina la Fray Tormenta. Neno "fray" la Kihispania limetokana na neno la Kilatini ambalo ndilo sisi tunaitwa hapa kila siku, frater, na "tormenta" ni dhoruba. Tukitaka kumwita kwa Kiswahili cha seminarini, basi ni Frateri Dhoruba.

Wengine wetu tulikuwa tunamfahamu bila kujua. Tuliokulia mijini tuliacha hela zetu nyingi za mandazi kwenye mabanda ya gemu, tukicheza Tekken. Yule mwanamieleka mwenye kichwa cha chui, anayeitwa King, anayepigana ili apate fedha za kulea yatima, alibuniwa kwa kumtazama padre huyu. Hollywood nayo ilitoa filamu ya Nacho Libre mwaka 2006 kwa kuazima kisa chake, ila ikamgeuza kuwa mpishi wa monasteri mwenye vituko. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Wafaransa walikuwa wamekwisha tengeneza yao, Jean Reno akiigiza nafasi yake. Ulimwengu ulimwona ukacheka kidogo, ukamlilia kidogo, ukaendelea na mambo yake. Sisi tulidhani tutafanya vivyo hivyo.

Kijana aliyefukuzwa

Mwanzo wa maisha yake hauna la kuchekesha. Sergio alianza kutumia dawa za kulevya akiwa bado mvulana, akazama humo miaka kadhaa. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku moja alichoka, akaingia kanisani kutafuta padre wa kumsaidia. Padre aliyemkuta hakumsikiliza. Alimfukuza.

Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Kijana mraibu anamtafuta padre kwa hiari yake, na padre anamwonyesha mlango. Kwa kawaida hadithi kama hiyo ina miisho miwili tunayoijua: kijana anarudi kijiweni na tunamzika kabla hajafika miaka thelathini, au anapona kwa njia nyingine na hakanyagi tena kanisani, na watoto wake hawabatizwi. Huyu alifanya la tatu. Alikasirika, na hasira ile ikamfanya aseme kwamba atakuwa padre yeye mwenyewe, ili vijana wa namna yake wapate padre wa kuwapokea.

Tunaosoma falsafa tumefundishwa kutofautisha hasira na kisasi. Mtakatifu Thomas wa Akwino hasemi kwamba kila hasira ni dhambi. Hasira ikiongozwa na akili inaweza kuwa mtumishi wa haki. Tuliwahi kuandika hayo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini kumwona mtu ambaye hasira yake ilimpeleka novisiati badala ya kumpeleka kaburini, hilo ni somo ambalo hakuna mtihani ungetupa.

Alijiunga na Wapiaristi. Huenda wasomaji wengi hamlifahamu shirika hilo, maana hapa kwetu halisikiki sana. Lilianzishwa na Mtakatifu Yosefu Calasanz, padre Mhispania ambaye mwaka 1597 alifungua Roma shule ya bure kwa watoto maskini, wakati ambapo elimu ilikuwa ya wenye nacho. Kijana aliyekuwa ameokolewa na barabara akawa amepata nyumba ambayo kazi yake ni watoto wa barabarani. Akasoma, akapadrishwa katika miaka ya 1970, akaanza kukusanya watoto wasio na kwao. Baadaye alihamia kufanya kazi jimboni Texcoco, karibu na jiji la Mexico, na nyumba yake ya watoto ikawa huko. Aliwaita wale watoto "cachorros", yaani watoto wa simba, vile vidogo ambavyo bado vinanyonya.

Watoto wanakula. Hilo ni jambo rahisi kulisahau unapoandika makala, lakini mama mlezi yeyote wa kituo cha yatima atakwambia: saa moja asubuhi wanataka uji, saa saba wanataka chakula, jioni tena, na kesho yake vivyo hivyo, na Januari wanataka sare na madaftari. Padre Sergio hakuwa na fedha hizo. Ila alikuwa amewahi kuona filamu mbili za Mexico za miaka ya 1960 zilizosimulia habari za padre maskini anayecheza mieleka usiku ili kuwalisha yatima wake. Watu wote walioziona filamu zile walirudi nyumbani wakalala. Yeye aliona hapo mpango wa kazi.

Ulingo

Lazima tueleze kidogo mieleka ya Mexico, maana ina mila zake. Wenyewe wanaiita lucha libre. Ilipata sura yake ya sasa mwaka 1933, Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya kuandaa mapambano katika jiji la Mexico. Wanamieleka wamegawanyika makundi mawili: waungwana wanaofuata kanuni, na watukutu wanaozivunja mwamuzi akigeuka. Wengi huvaa vinyago, na kinyago ni kitu cha heshima kubwa. Mwanamieleka aliyependwa kuliko wote, El Santo, alifariki mwaka 1984 na akazikwa akiwa na kinyago chake usoni. Pambano zito kuliko yote ni lile ambalo wawili wanawekeana dau la vinyago. Anayeshindwa anavuliwa mbele ya umati, anatamka jina lake halisi, na hana ruhusa ya kukivaa tena.

Padre wetu alikwenda kujifunza kazi hiyo kama mtu anavyojifunza useremala. Alijifunza kuanguka kwanza, kwa sababu huko ndiko kunakoanza mieleka: jinsi ya kupokea sakafu kwa mgongo mzima, usivunje shingo. Alidhani mapambano machache yatamletea fedha za kutosha. Haikuwa hivyo. Wanaoanza hulipwa kidogo sana. Kwa hiyo ikambidi arudi tena, na tena, hadi ikawa zaidi ya miaka ishirini na maelfu ya mapambano.

Miaka ya mwanzo hakuna aliyejua kwamba nyuma ya kinyago kile kuna padre. Aliogopa wapinzani watamwonea huruma, au waandaaji hawatampa kazi. Siri ikafichuliwa na mwanamieleka mashuhuri, Huracán Ramírez, aliyemtambua siku moja akiadhimisha Misa. Huracán ni kimbunga. Kimbunga ndicho kilichoitambua dhoruba. Baada ya hapo habari zilienea Mexico nzima, na jambo la ajabu likatokea: watu walijaa kumwona. Kilichofichwa kwa hofu kikawa ndicho kinacholeta tiketi, na tiketi zikaleta mkate.

Je, ni udanganyifu?

Rafiki zetu wa viti vya nyuma hawakukubali kirahisi. Walisema: mieleka ya kulipwa mshindi wake hupangwa kabla. Padre anayeshiriki jambo lililopangwa anawadanganya watu, na uongo ni uongo hata kama umelisha yatima. Hoja hiyo inastahili jibu, kwa kuwa ni kweli kwamba hatutendi uovu ili mema yapatikane. Tulijifunza hivyo, na tunaamini hivyo.

Jibu letu ni kwamba uongo unahitaji mtu wa kudanganywa. Mtakatifu Augustino aliyeandika sana juu ya uongo alitazama nia ya kudanganya. Anayeigiza Pilato siku ya Ijumaa Kuu hamdanganyi mtu, na bibi anayemzomea Pilato huyo kutoka benchi la tatu anajua vizuri kwamba ni katibu wa kwaya. Mwanafalsafa Mfaransa Roland Barthes aliandika katika miaka ya 1950 kwamba mieleka ya kulipwa isomwe kama tamthilia, maana mtazamaji haji kujua nani atashinda. Anakuja kuona uovu, mateso na haki vikionyeshwa waziwazi mahali anapoweza kuvipigia kelele. Naye Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo ni pumziko lake. Kwa hiyo kazi ya kuwachangamsha watu, ikifanywa kwa kiasi na bila uchafu, siyo dhambi kwa asili yake.

Isitoshe, mshindi anaweza kupangwa, lakini sakafu haipangwi. Mtu wa kilo tisini akirukia kifua chako kutoka kwenye kamba, kifua kinajua. Padre Sergio alivunjika mifupa, na aliuguza maumivu ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye bango la mchezo. Kuna watu wanaotoa sadaka ya walichonacho mfukoni. Yeye alitoa mbavu.

Na kwa wale waliosema kwamba mieleka na elimu ya juu haviendani, tunawakumbusha kwamba mapokeo ya Wagiriki yanasema Plato mwenyewe alikuwa mwanamieleka, na kwamba jina hilo alipewa na mwalimu wake wa mieleka kwa sababu ya upana wa mabega. Kumbe baba wa falsafa tunayoisoma tukisinzia alianza kwa kukamatana mikono na watu mchangani.

Swali la askofu

Swali gumu zaidi lilitoka kwa mwenzetu anayependa sheria. Alifungua Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 285. Kanuni hiyo inawataka makleri wajiepushe na yote yasiyolingana na hali yao, na pia wayaepuke yale ambayo, hata kama si mabaya, ni mageni kwa hali hiyo. Je, kuna lililo geni kuliko padre aliyevaa suruali ya kubana akining'inia kwenye kamba?

Tunakiri kwamba hatuna jibu la haraka. Kanuni hiyo ina hekima. Padre si mali yake mwenyewe. Akienda mahali, Kanisa limekwenda naye. Wapo mapadre waliojiingiza katika miradi kwa kisingizio cha kuwasaidia maskini, na mwishowe maskini wakawa wamebaki kwenye picha ya kalenda tu. Tusijifanye hatuyajui hayo.

Lakini inasimuliwa jinsi askofu wa Padre Sergio alivyomwita na kumtaka aache. Padre hakugoma wala hakumtukana mkubwa wake. Aliuliza swali moja: je, jimbo litaweza kutoa fedha za kuwatunza watoto? Jimbo halikuwa nazo. Askofu akamwacha aendelee.

Swali lile ndilo lililotushika. Tulilisoma kwanza kama ujanja wa kumjibu askofu, tukacheka. Tulipolitafakari tukaona kwamba halikuwa limeelekezwa kwa askofu peke yake. Askofu hana mti wa fedha nyuma ya nyumba yake. Jimbo ni waamini. Kama jimbo halina fedha za uji wa yatima, maana yake ni kwamba waamini hawajatoa, au wametoa na fedha zimekwenda kwingine. Kwa hiyo kila mara Fray Tormenta alipoinuliwa na kutupwa chini, alikuwa analipa bili ambayo ilikuwa na majina mengi juu yake.

Ndugu wasomaji wa parokiani, mtuwie radhi tukisema wazi, maana sisi tutakuwa wa kwanza kufaidika na tunachotaka kukigusa. Padre mpya anapopadrishwa, kamati huundwa miezi sita kabla. Kadi za michango zinazunguka hadi kwa jamaa walioko mbali. Siku ya sherehe kuna mahema, muziki, ng'ombe wawili, na zawadi zinazopangwa foleni: friji, godoro, mbuzi, na pale penye uwezo, gari. Hatusemi msimpongeze padre. Upadre ni furaha ya Kanisa zima, na padre anahitaji mahali pa kulala. Tunauliza tu: ni lini kamati kama hiyo, yenye mwenyekiti, mhazini na mjumbe kutoka kila jumuiya ndogo ndogo, iliundwa parokiani kwenu kwa ajili ya watoto wanaolala stendi? Mtume Paulo alishona mahema Korintho ili asimlemee mtu, na tunamsifu kwa hilo. Lakini kumsifu mtu anayejitegemea kusiwe njia ya kukwepa kumtegemeza.

Ndiyo maana hatutaki mtu asome makala haya akadhani tunasema kila padre atafute kinyago. Ingekuwa heri Padre Sergio asingalihitaji kukivaa. Ingekuwa heri mbavu zake zingebaki nzima, na jioni zile angalikuwa anawasomea watoto wake hadithi. Tunamheshimu kwa sababu alipoona pengo hakungoja mwingine alizibe. Pengo lenyewe hatuna sababu ya kulishangilia.

Mlango wetu

Sasa tufike pale palipotuuma.

Kwaresima iliyopita tulikuwa tunakwenda kigango kimoja kila Jumamosi kwa utume. Mchana mmoja tulikuwa tunafanya mazoezi ya Njia ya Msalaba na vijana, wale wanaoigiza askari wakijifunza kugeuka pamoja. Akaja kijana mmoja mwembamba, nguo zake zimekolea uchafu, mwendo ule wa kusinzia ambao kila mtu wa mjini anaujua. Akasimama mlangoni. Akasema anataka kuongea na padre.

Tulimwambia padre yuko parokiani, huja Jumapili. Akasema basi hata frateri anatosha, yeye anataka kuongea tu. Tulitazamana. Ndani kulikuwa na spika za kwaya, kinanda, na simu zetu juu ya meza. Mmoja wetu alimshika mkono, kwa upole kabisa, akamsindikiza hadi barabarani na kumwambia aje Jumapili. Kisha tukarudi tukaendelea na mazoezi. Kituo tulichokuwa tunakifanyia mazoezi ni cha tano, pale Simoni wa Kirene anapousaidia kuubeba msalaba.

Jumapili hakuja. Jumamosi iliyofuata katekista, aliyekuwa amesikia habari, alituuliza, "Yule kijana anaitwa nani?" Hakuna aliyejua. Tulikuwa watano pale, wote tumesoma falsafa ya utu, wote tunaweza kueleza tofauti ya nafsi na kitu kwa Kilatini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina.

Hatukulizungumza tena jambo hilo hadi usiku ule wa televisheni. Tuliposoma kwamba padre wa mieleka alianza kama mraibu aliyefukuzwa kanisani, hakuna aliyesema neno kwa muda. Tulikuwa tumejiandaa kumsoma kama wanafunzi wanaomchunguza shujaa: sisi tuko upande gani, waungwana au watukutu? Tukajikuta tumo ndani ya kisa chake, na tumeshika nafasi ya yule padre wa mlangoni ambaye jina lake halitajwi kamwe.

Tumemfikiria sana padre huyo. Labda alikuwa mtu mwema. Labda alikuwa amechoka siku hiyo, amezika watu wawili asubuhi. Labda aliwahi kuibiwa kalisi na kijana wa namna ile ile. Sisi tulikuwa na sababu zetu pia, na spika ni za watu maskini waliochanga miaka mitatu kuzinunua. Lakini Sergio hakupewa nafasi ya kusikia sababu hizo. Alichopewa ni mlango. Kwamba Mungu aliutumia mlango uliofungwa kumpata padre, hiyo ni kazi ya Mungu, na aliyeufunga hawezi kudai sifa. Wala hatuna ahadi yoyote kwamba kila tunayemsindikiza barabarani atarudi akiwa na nguvu mara mbili.

Fray Tormenta sasa amestaafu ulingoni. Kazi yake imelea watoto mamia kwa mamia. Wamo waliokuwa walimu, madaktari na mawakili, na mmoja wa vijana wake amelirithi jina lake ulingoni. Yeye mwenyewe aliendelea kuadhimisha Misa, mara nyingine na kinyago kichwani, kwa kuwa watu walimwomba, na kwa kuwa kinyago kile kilikuwa kimekwisha kuwa sehemu ya utume wake. Baadhi yetu jambo hilo la kinyago altareni bado linatusumbua, na tumekubaliana kutokubaliana.

Ila juu ya mlango hatukubishana. Tulikwenda kwa katekista tukamwomba ushauri. Alicheka kidogo, akasema, "Wanangu, huyo mliyemfukuza hamtampata kwa kuandika." Basi tulikwenda stendi Jumamosi mbili, tukauliza kijiweni. Wengi walidhani sisi ni polisi. Hatujampata. Tulipata wengine watatu, na mmoja ametuambia anataka kwenda nyumba ya kuacha dawa, soba hausi, lakini kwao hawana fedha za kumlipia. Katekista ameitaja habari hiyo kwenye jumuiya mbili. Michango imeanza, kidogo kidogo, shilingi elfu mbili, elfu tano. Mama mmoja alileta debe la mahindi.

Na nje ya mlango wa kanisa la kigango tumeweka benchi. Wakati wa mazoezi ya kwaya na ya vijana, frateri mmoja kwa zamu anakaa pale nje, na kazi yake ni moja tu. Akija mtu, amuulize jina, kisha amsikilize. Spika zitalindwa na walio ndani.

Mtuombee.